Haramu Haina Jinsia: Pombe, Mila na Dada Zetu wa Chuoni

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumelelewa tukisikia kwamba mtoto wa kike hanywi pombe. Kaka akirudi nyumbani amelewa, watu husema ni ujana tu, utapita. Dada akionekana na chupa moja, habari huwa zimewafikia wajomba kabla ya alfajiri. Somo letu la leo lina swali moja: je, dada zetu tumewafundisha kuiacha pombe kwa sababu Allah ameiharamisha, au kwa sababu wao ni wanawake? Sababu hizo mbili hazifanani, na tofauti yake huonekana zaidi mtu anapofika chuo kikuu.

Mila zinasemaje

Tuanze na hapa kwetu Uganda. Kule Teso, ajon hutengenezwa kwa wimbi, na kazi hiyo ni ya wanawake. Ikiwa tayari, wanywaji hukizunguka chungu kimoja na kuvuta kwa mirija mirefu. Buganda ni kinyume: ndizi za tonto hukanyagwa na wanaume, na ndiyo maana huitwa mwenge bigere, yaani pombe ya miguu. Mijini, kina mama wengi, wakiwemo wajane, wamesomesha watoto kwa fedha za malwa na waragi.

Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, ameeleza kuwa pombe katika Afrika Mashariki ilihusiana sana na mamlaka. Wazee wa kiume walidai kuwa kunywa ni haki yao, huku vijana na wanawake wakiwekewa mipaka. Tukitafakari hapo, tutaona kuwa mila haikumzuia mwanamke kwa sababu kilevi ni kibaya. Ilimzuia kwa sababu kilevi kilikuwa alama ya cheo, naye hakuhesabiwa kuwa na cheo hicho.

Basi angalia kinachotokea leo. Dada anapata nafasi chuoni, anapanga chumba chake hosteli, hakuna mjomba wa kumwuliza. Ile sababu aliyofundishwa imebaki kijijini. Rafiki anamwambia kwamba wanaume wanakunywa na yeye ni sawa nao. Akiwa hana jibu jingine zaidi ya "mimi ni msichana", jibu hilo halitamfikisha mbali, na glasi itaonekana kama uhuru.

Wenye biashara wanalijua hilo. Ndiyo maana kuna waragi yenye ladha ya nazi na ya nanasi, na baa zenye usiku wa wanawake ambapo wasichana huingia bure. Jiulize, kwa nini bure? Kwa sababu wao ndio chambo cha kuwavuta wanaume watakaolipa. Huo unaoitwa usawa ni nafasi ile ile ya zamani: mwanamke anatumika ili pombe iuzike.

Hukumu ya sheria

Qur'ani iliwatoa watu katika ulevi kwa hatua. Suratul Baqara aya ya 219 inaeleza kuwa madhara ya ulevi ni makubwa kuliko manufaa yake. Suratun Nisaa aya ya 43 inakataza kuikaribia swala katika hali ya kulewa. Kisha Suratul Maida aya ya 90 na 91 zinaamrisha kuuepuka kabisa. Amri hiyo inaelekezwa kwa walioamini, na wanazuoni wa usuli wamekubaliana kuwa mwito kama huo unawahusu wanaume na wanawake pamoja, isipokuwa pakiwa na dalili ya kuwatenganisha. Hapa dalili hiyo haipo.

Mafaqihi walitofautiana kama adhabu ya mnywaji ni mijeledi 40 au 80. Hata hivyo, hakuna aliyeweka idadi moja kwa wanaume na nyingine kwa wanawake. Waliposharutisha akili, baleghe na hiari, hawakutaja uanaume.

Kuna jambo jingine linalostahili kukumbukwa. Wapo wanaosema kuwa malwa na tonto ni vinywaji vya asili, si mvinyo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya bit'u, kinywaji cha asali kilichonywewa Yemen, akajibu kwa kanuni inayojumuisha kila kinywaji kinacholevya. Aliyetupokelea hadithi hiyo ni Mama Aisha (r.a.). Katika mlango huu, basi, mwanamke ni mwalimu wa umma mzima.

Vilevile tusisahau hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo. Ndani yake wamo mkamuaji, mnywaji, mbebaji, mnyweshaji, muuzaji na mla thamani yake. Kwa hiyo mwanamume anayemkemea mama muuza malwa, kisha yeye mwenyewe ni mteja wake, amesimama naye ndani ya hadithi moja.

Mwili unasemaje

Madaktari wanaeleza kuwa, kwa uzito ule ule, mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo kiasi kile kile cha pombe humkolea zaidi. Pombe huongeza hatari ya saratani ya matiti, na humdhuru mtoto aliye tumboni.

Lakini kaka zangu, msifurahie. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 pombe ilisababisha vifo milioni 3, na milioni 2.3 kati ya hivyo vilikuwa vya wanaume. Ile kauli ya "ni ujana tu" inawazika vijana wa kiume. Mila imemwaibisha dada na kumwachia kaka aangamie, na kote kuwili imeiacha njia ya sheria.

Tufanye nini

Kwanza, katika darsa zetu tufundishe kwa dalili. Msichana aiache pombe kwa kuwa ni mja wa Allah, na mvulana vivyo hivyo. Sababu hiyo haibadiliki kwa kuhama mji wala kwa kupata mshahara.

Pili, tusifichue aibu za watu. Bukhari amepokea kisa cha mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa sababu ya ulevi, na mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) akakataza kumlaani, akieleza kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Dada aliyeteleza akijua kuwa picha yake itasambazwa kwenye makundi ya simu, hatakuja kuomba msaada. Atajifungia na chupa yake. Dada wenzake wamfuate kwa siri na upole.

Tatu, aliyekwisha kuwa mtegemezi wa pombe apelekwe kwa wataalamu, kwa kuwa kuacha ghafla bila uangalizi kunaweza kuwa hatari. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha wagonjwa wa pombe na dawa za kulevya. Tiba na toba havipingani.

Nne, tumkumbuke yule mama wa malwa. Akiwa maskini Mwislamu, ana haki katika zaka kwa mujibu wa Suratut Tawba aya ya 60. Mtaji wa kuuza mboga au mandazi utamtoa katika biashara ile upesi kuliko mawaidha matupu.

Allah atujaalie tuache maovu kwa kumcha Yeye, si kwa kuogopa macho ya watu. Amin.