SOMO LA ROBO HII: KUKESHA PAMOJA NA ANAYETUAGA



Katika toleo hili tunajifunza kumhudumia mgonjwa ambaye tiba haiwezi tena kumponya. Wengi husema, "Hakuna la kufanya tena." Lakini lipo.

Mwaka 1967 Dkt. Cicely Saunders, aliyewahi pia kuwa muuguzi, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na morfini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani.

Kwanza, sala isichukue nafasi ya dawa. Tusimwambie mgonjwa avumilie maumivu kama mtihani wa imani, maana mwenye maumivu makali hata kusali hushindwa. Morfini hutolewa kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi. Tuhakikishe familia inaelewa hivyo, na maumivu yakizidi tumjulishe muuguzi mapema.

Pili, tutulie kabla ya kuingia. Ukiwa mlangoni zima simu, vuta pumzi taratibu mara tatu, mkabidhi Mungu haraka zako. Ndani, keti usawa wa macho ya mgonjwa. Uliza, "Leo kinachokusumbua zaidi ni nini?" kisha nyamaza usikilize. Kule Gethsemane Yesu aliwaomba wanafunzi wakeshe naye, hakuwaomba hotuba.

Tatu, tuombe ruhusa kabla ya kusali. Akiwa Mwislamu, tumuulize kama angependa aitiwe shehe. Asipotaka sala, tumlowanishie midomo kwa kitambaa safi chenye maji. Hiyo nayo ni ibada.

Nne, anayeuguza naye atunzwe. Mke au binti anayekesha kila usiku apate mtu wa kumpokea zamu, walau mchana mmoja kwa wiki, alale.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Katika kigango chetu, ni nani anayeuguza peke yake?
2. Morfini inapatikana hospitali ipi ya karibu, na nauli ya kuifuata atalipa nani?
3. Nani atapokea zamu wiki hii?

Wafadhili wapendwa, swali la pili linawahusu ninyi pia. Nauli ya safari moja yaweza kumpa mtu usiku wa kulala bila kulia.

Mungu awabariki nyote.