Zege Likivunjwa, Mto Unarudi



Leo hebu twende Singapore, kwenye bustani ya Bishan–Ang Mo Kio, iliyofunguliwa mwaka 1988. Pembeni yake Mto Kallang ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege, umenyooka kama rula kwa kilomita 2.7. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuyaondoa maji ya mvua haraka.

Mfereji ulipohitaji kupanuliwa, wangeweza kuongeza zege. Wao wakalivunja. Mwaka 2012 mto ukarudi bustanini ukiwa huru, unapindapinda kwa kilomita 3.2, kingo zake zikishikwa na mawe na mizizi ya mimea. Mvua kubwa ikija, maji hutanuka juu ya majani, kisha hupungua. Siku za kawaida watoto huchezea palepale. Wanyama hawakuletwa na mtu. Ndege, kereng'ende, hata fisi maji wamekuja wenyewe. Na lile zege? Sehemu yake ikafanywa kilima cha kupumzikia.

Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015) anatuita tuitunze nyumba yetu ya pamoja. Wakati mwingine kutunza si kujenga zaidi, ni kuondoa tulichozidisha.

Jiulize: korongo la mtaani kwetu tumeligeuza jalala? Na moyoni mwangu, zege liko wapi?

Tusali: Ee Bwana, vunja ugumu wetu, na hata vipande vyake uvitumie. Amina.