JUMATANO: Mama Anaposahau

Soma Isaya 49:15, 16. Mungu anajilinganishaje na mama anayesahau?

Mfikirie binti wa Lushoto anayemwuguza mama yake. Miaka yote mama huyo alilima kabichi kwenye miteremko ya Usambara. Sasa hamtambui mwanawe. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Naye binti anajiuliza usiku: Je, nami nitakuwa hivi?

Huu ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi. Chembe ya urithi iitwayo APOE4 huongeza hatari ya Alzheimer, lakini wengi wanaoirithi hawaugui kamwe. Binti huyu anaweza kupima shinikizo la damu na sukari, kulala vya kutosha, kula mboga za shambani, kuepuka tumbaku na pombe, na kutembea (Lushoto vilima havikosekani!). Hayo hupunguza hatari, hayaiondoi. Hata aliyeshika kanuni zote za afya aweza kuugua, na asihukumiwe kanisani kana kwamba alikosa imani.

Je, katika kundi lenu yuko mzee asiyewakumbuka tena? Nani atakaa naye Sabato hii, ili anayemtunza apate kuja ibadani?