Nguo Kuukuu Zingali Zafaa: Somo la Kushona Mfarishi wa Viraka

Watu wengi hudhani ya kuwa shati likipasuka viwiko na kola ikichakaa, basi kazi yake imekwisha. Hutupwa jaani, au huchomwa moto pamoja na takataka nyingine. Lakini mwenye nyumba akilitazama vema shati hilo, ataona ya kuwa mgongo wake na sehemu yake ya chini vingali vizima. Shati ndilo lililokwisha, kitambaa bado.

Kutupa kitambaa kizima ni hasara ya namna tatu. Kwanza ni hasara ya fedha. Mama anaponunua blanketi la mtoto wakati wa baridi ya mwezi wa Juni na Julai, hali sanduku limejaa nguo zisizovaliwa, fedha hizo zimetoka katika unga au karo ya shule. Pili ni hasara ya maji na ya jasho la mkulima. Wataalamu hukadiria ya kuwa fulana moja tu ya pamba huhitaji lita 2,700 hivi za maji. Tatu ni uchafu. Nguo nyingi za mitumba zinazouzwa katika soko la Gikomba mjini Nairobi, au Kongowea mjini Mombasa, zina nyuzi za nailoni na poliesta, ambazo asili yake ni mafuta yachimbwayo ardhini. Nyuzi hizo haziozi udongoni kama pamba, na zikichomwa hutoa moshi wenye madhara.

WASIDI WA INDIA

Kushona viraka si jambo geni. Katika jimbo la Karnataka, upande wa magharibi wa Bara Hindi, wako watu waitwao Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika. Baadhi ya wazee hao walichukuliwa na Wareno kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki wakapelekwa Goa kuwa watumwa. Waliotoroka wakajificha misituni, wakafanya makao huko.

Wanawake wa Kisidi hukusanya nguo kuukuu za jamaa zao, wakazishona pamoja hata zikawa mfarishi uitwao kavandi. Mfarishi huo hutandikwa kitandani, na siku za mvua na baridi hutumika kwa kujifunika. Miongoni mwa Wasidi wako Waislamu, Wakristo na Wahindu, na wote wana desturi hiyo. Katika kila pembe hushonwa vipande vidogo vilivyokunjwa mfano wa ua, na mfarishi usio na maua hayo huambiwa kuwa uko uchi.

Njia yao yafaa kwa kila nyumba, maana haihitaji cherehani, wala haihitaji vipande vya kipimo kimoja. Kila kipande hutumika kwa ukubwa wake, na kwa hiyo ni kidogo sana kinachopotea.

JINSI YA KUFANYA KAZI

1. Kuchagua vitambaa. Kila kitambaa kivutwe kwa vidole gumba viwili, kisha kiinuliwe mbele ya mwanga. Kikipasuka, au kikionekana chepesi kama chandarua, kisishonwe. Kitafaa kwa kufutia vumbi. Pamba ndiyo bora. Kama haijulikani, uzi mmoja uchomwe kwa kiberiti, nje ya nyumba. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Vipande vinavyotupwa na mafundi cherehani vyafaa pia, na pengine hupatikana bure kwa kuomba.

2. Kufua na kufumua. Nguo zote zifuliwe kwanza, kwa kuwa kitambaa kipya hurudi kikiingia majini, nacho kikishonwa pamoja na cha zamani kitauvuta mfarishi mzima ukajikunja. Kitambaa cha rangi nzito kisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowana. Kikiacha rangi, kiwekwe kando. Baada ya kukauka, mishono ifumuliwe kwa wembe, na vifungo na zipu viwekwe akiba.

3. Kutayarisha tandiko. Leso moja ya zamani, ambayo urefu wake ni kama sentimita 150 na upana wake kama 110, yatosha kwa kitanda cha mtoto. Itandazwe juu ya mkeka hata isiwe na makunyanzi. Atakaye mfarishi mzito aweke juu yake kipande cha blanketi kuukuu, kilicho kidogo kuliko leso kwa vidole viwili kila upande, kisha akishikize kwa mishono mirefu isije ikahama.

4. Kushona. Kazi huanzia pembeni wala si katikati. Ukingo wa leso hukunjwa kwa ndani. Kipande cha kwanza nacho hukunjwa ukingo wake, kikawekwa juu yake, vikashonwa pamoja kwa mishono myepesi ya kwenda mbele. Kipande cha pili hukunjwa ukingo na kulalia ukingo wa kile cha kwanza, hata nyuzi zinazochomoza zifunikwe. Mshonaji huzunguka hivyo pande zote nne, kisha huanza mzunguko wa pili ndani ya ule wa kwanza, hata afike katikati. Mistari ya mishono iachane kwa upana wa kidole kimoja. Uzi uwe mnene na imara, maana mishono hiyo ndiyo inayoshika tabaka zote.

5. Kumaliza. Pembe nne huongezewa maua ya vipande vilivyokunjwa pembetatu. Pembe ndizo zinazoshikwa na kuvutwa kila siku, kwa hiyo pambo hilo huziongezea nguvu.

MAMBO YA KUANGALIA

Kazi hii ni ya siku nyingi. Mshonaji asiye na nafasi ashone mzunguko mmoja tu kila jioni, au akutane na jirani zake, wawili wakashona mfarishi mmoja kutoka pande mbili. Wala asishone gizani kwa kibatari, maana huumiza macho.

Tena, kabla nguo haijafika sandukuni, ihudumiwe mapema. Tundu la ukubwa wa punje ya mahindi huzibwa kwa dakika chache. Likiachwa hata kufua mara tatu, litataka kiraka cha kiganja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Goti la suruali ya shule litiwe kiraka kwa ndani likiwa bado halijatoboka, na pindo la sketi liachwe pana ili lishushwe mtoto anapokua.

Wako waonao haya kuonekana na viraka. Lakini mtoto aliyelala chini ya mfarishi wa viraka, naye hasikii baridi, hana upungufu wowote. Na shilingi zilizobaki mkononi mwa mama yake zitamnunulia daftari. Mfarishi nao ukichakaa, usitupwe. Sehemu zake nzima zaweza kukatwa zikawa mto wa kukalia au kishikio cha sufuria ya moto, na pamba iliyokwisha kabisa ikatiwa katika shimo la mbolea.