Mgonjwa Aliyechelewa

Ukimwuliza mtu ibada ni nini, upesi atakutajia sala na saumu. Ni wachache watakaotaja wodi ya watoto. Hali Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha ya kuwa Siku ya Kiyama mwanadamu ataulizwa habari za mgonjwa ambaye hakumzuru, na ataulizwa kana kwamba aliyeugua ni Mola wake Mwenyewe.

Tazama bonde la Kilombero. Tiba haiko mbali na watu wake. Ifakara kuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Wakatoliki, na mwaka 1957 mtaalamu Rudolf Geigy wa Basel alianzisha hapo maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. (Wema usifiwe, hata mtendaji asipokuwa wa dini yetu.) Walakini mama hufika amembeba mtoto aliyekwisha kulegea kwa malaria, na neno la kwanza analolisikia ni hili: "Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Maneno hayo yana sura ya swali, lakini asemaye hangoji jibu. Nalo jibu lipo. Msimu wa mpunga jamaa nyingi huhamia mashambani, wakalala katika madungu mbali na zahanati. Wa ng'ambo ya mto, kabla ya kujengwa Daraja la Magufuli, walitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka. Tena mtoto akishikwa na mtukutiko wa homa kali, wazee huita degedege, na wengi wameamini ya kuwa sindano humwua mwenye degedege. Basi humpeleka kwanza kwa mganga. Watafiti waliokaa Ifakara katika miaka ya 1990 walisikia pia ya kuwa mchawi aweza kuwaficha vijidudu vya malaria hata darubini isiwaone. Mwenye imani hiyo huona ni lazima uchawi uondolewe kwanza ndipo dawa ya hospitali ifanye kazi. Sisi hatuikubali itikadi hiyo hata kidogo. Lakini mama yule hakukaa bure. Alihangaika usiku kucha kwa kadiri ya elimu yake.

Sasa mkaripie mbele ya watu. Atanyamaza, atainama, na dawa alizokwisha kumpa mtoto atazificha, ingawa daktari anahitaji sana kuzijua. Akirudi kijijini atasimulia alivyofedheheka. Homa ijayo, yeye na jirani zake watachelewa zaidi, na malaria kali haimngoji mtoto.

Najua mwuguzi naye huchoka, wagonjwa ni wengi na mikono ni miwili. Hata hivyo kusema, "Pole mama, umefanya vema kuja, nieleze ilivyoanza," hakuchukui muda mrefu kuliko kukemea.

Bibi Rufaida r.a. wa Madina aliwatibu majeruhi. Katika vita vya Handaki, mwaka 627, Saad bin Muadh r.a. alipochomwa mshale, Mtume s.a.w. aliamuru awekwe katika hema la bibi huyo, penye msikiti, apate kumzuru kwa karibu. Saad alifariki kwa jeraha lile. Lakini hakulala kando kama aliyesahauliwa, na hilo ndilo walilolitunza kwake.

Nawe usiye mwuguzi unayo sehemu yako. Fuatana na jirani yako mpaka dirishani, umsemee pale ulimi wake unapokuwa mzito. Sera ya kuchangia gharama iliyoanza mwaka 1993 iliwatoa katika malipo, kwenye vituo vya serikali, watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito, wengi hawakuambiwa. Uliza kwa adabu, wala usigombane. Mpikie uji mama anayelala chini ya kitanda cha mwanawe. Na siku ya kuruhusiwa, akipewa dawa mseto, mwulize mwuguzi mbele yake namna ya kuitumia: dozi ya pili ni baada ya saa nane tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, baada ya kula. Dunguni hakuna saa ya ukutani. Mwonyesheni jua litakuwa wapi wakati wa kila dozi, naye ayarudie maneno hayo kwa kinywa chake kabla hamjaondoka.