Neno la Hasira la Mfalme Henry II

Mfalme Henry II alitawala Uingereza tangu mwaka 1154 hata 1189. Alikuwa hodari. Aliituliza nchi iliyochoshwa na vita, akatuma mahakimu kuzunguka majimbo na kukata mashauri.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Thomas Becket, waziri wake. Mwaka 1162 mfalme alimfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, akidhani kwamba kwa mkono wa rafiki atalitawala Kanisa. Lakini mwaka 1164, huko Clarendon, mfalme alipotaka watu wa Kanisa waliokosa waadhibiwe na baraza lake, Thomas alimpinga, akakimbilia Ufaransa, akakaa huko miaka sita.

Aliporudi mwaka 1170, ugomvi uliwaka tena. Mfalme, aliyekuwa Normandy, ng'ambo ya bahari, alinena kwa ukali mbele ya watu wake. Hakuamuru mtu auawe. Lakini mashujaa wanne walisikia, wakavuka bahari, wakamwua Thomas ndani ya kanisa lake, tarehe 29 Desemba.

Mwaka 1173 Baba Mtakatifu Alexander III alimtangaza Thomas kuwa mtakatifu. Mwaka 1174 mfalme mwenyewe alikwenda Canterbury kwa miguu mitupu, akapiga magoti kaburini, akakubali kupigwa fimbo na watawa.

Tushike fundisho hili: neno la mkubwa hupata mikono ya wengine. Baba, mwalimu, mtawala, wapime maneno kabla ya kunena.

Maswali
1. Kwa nini Henry alimtaka Thomas awe Askofu Mkuu?
2. Asiyeamuru aweza kuwa na hatia? Eleza.