Kabla Hamjamwita Fundi

Wengi wenu wanandoa mlioko Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta mmejaliwa kuwa na nyumba yenu. Pengine ni vyumba viwili na paa la mabati, mkahamia hata plasta haijakauka kwa sababu kodi ilikuwa imewachosha. Tangu hapo, kila pesa kidogo ikipatikana, swali ni moja: mwaka huu tuongeze nini? Mume na mke wanaopendana wameweza kununiana wiki nzima kwa swali hilo.

Tuseme mnakaa Kaloleni, Voi, na faida ya chama imeingia. Mume anataka geti la chuma na vigae sebuleni, kwa kuwa jumuiya itasali kwenu mwezi ujao. Mke anajibu, "Baba Mwakio, wageni watakaa saa moja. Mimi jikoni nakaa siku nzima." Mume anaona amedharauliwa. Mke anaona hasikilizwi. Hapo hakuna mbaya. Kila mmoja anaitazama nyumba kutoka pale anaposimama. Basi, kabla ya kuuliza bei ya chochote, mume ashinde nyumbani siku moja, ateke maji, awashe moto, alaze mtoto mchana chini ya mabati. Mke naye aonyeshwe hesabu yote ya pesa, na madeni yasifichwe. Baada ya hapo mtazungumza kwa lugha moja.

Mimi nina maoni yangu: huku tambarare, tangi huja kabla ya vigae. Bomba kubwa kutoka chemchemi za Mzima hupita katika kaunti yetu likielekea Mombasa, na bado wako wanaonunua maji kwa mtungi. Hali paa lenu ni kisima. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya usiku mmoja tu, huleta lita 480. Toeni zinazopotea njiani. Hamkosi lita 400, yaani mitungi 20 ambayo mama hakuibeba wala kuinunua.

Lakini Voi hupata mvua kidogo, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, na sehemu kubwa huja Novemba na Desemba. Kwa hiyo milizamu iwekwe kabla ya Novemba, si baada ya kusikia ngurumo. Ilazwe kwa mteremko mdogo kuelekea tangi, la sivyo maji yatatuama na kuzaa mbu. Mvua ya kwanza ya msimu iacheni imwagike nje, maana inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Tangi la lita 1,000 likijaa hubeba uzito wa tani nzima; jukwaa la mbao chakavu halitalihimili. Jengeni msingi wa mawe na saruji, tangi lifunikwe vizuri, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Wenzetu wa Sagalla wanajua kwamba ndovu wa Tsavo hufuata maji mpaka nyumbani. Huko, mahali pa kuweka tangi waulizwe kwanza wale waliokwisha kuvunjiwa.

Jiko lipate dirisha la juu upande unaokabili mlango, ili moshi utoke. Juu ya ukuta, chini ya mabati, acheni matundu yenye wavu hewa ya moto ipate njia. Mwarobaini upande wa magharibi utawapa kivuli saa za mchana zenye jua kali, ila usiwe karibu mno na paa, majani yataziba milizamu. Walioko milimani, Wundanyi na Mgange, adui yao ni mwingine: maji yanayoshuka mteremkoni. Wao waanze na mtaro upande wa juu wa nyumba, ili msingi usiliwe.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi. Kule Voi, katika kijiji cha Tanzania-Bondeni, watu waliishi miaka mingi kwenye ardhi isiyo yao. Ni nani atatia saruji mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mradi wa miji midogo uliosaidiwa na Ujerumani, wakazi walichagua ardhi iwe mali ya jumuiya yote, na kila mtu amiliki nyumba yake. Nyumba waweza kuiuza, ardhi hapana. Walitaka kwanza kujua wanasimama wapi.

Na katika ndoa je? Mke anayetoa akiba yake ya chama kujenga kwenye shamba ambalo bado lina jina la baba mkwe, anasimama wapi? Mume akitangulia kufa, nani atasema ile nyumba ni ya nani? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili. Inasema pia kwamba aliyechangia kuboresha mali ya mwenzake hupata haki kwa kadiri ya mchango wake, na kulea watoto na kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Lakini mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe. Kwa hiyo risiti za saruji na mabati ziwekwe kwenye bahasha moja, pamoja na cheti cha ndoa, na wote wawili wajue ilipo. Anayeona huko ni kukosa kuaminiana, na ajiulize kwa nini kanisani walitia sahihi wawili, tena mbele ya mashahidi.

Kama shamba ni la mzee, sheria hiyo haitawafikisha mbali, kwa sababu ardhi si ya mmoja wenu. Dawa ni kuketi na mzee angali hai, kabla lori la mawe halijafika, mzungumze juu ya kugawa na kupata hati. Nendeni wote wawili. Na siku hiyo mama asiachwe jikoni akiwapikia wazee chai.